Chura wa Pili

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu Sikio,

Salamu zitangulie, mimi nifuate nyuma, ingawa kwa cheo nilichonacho sasa ilipaswa salamu ndizo zinifuate mimi.

Kaa kitako usome vizuri. Jana mjomba wako alizima kiwanda kizima kwa mkono mmoja. Sikugusa swichi. Niliinua mkono tu, hivi, kama mtu anayefukuza nzi. Mashine za kufuma, mapipa ya rangi, boila, mafeni, hata redio ya mlinzi pale getini, vyote vikanyamaza. Kiwanda hiki hakijawahi kunyamaza. Siku alipozikwa meneja wa kwanza kiliendelea kunguruma hadi watu wakashindwa kusikia wasifu wake, na wengine walisema ni afadhali. Mimi nimekinyamazisha.

Ni kwa ajili ya filamu. Watu wenu wa filamu wamekuja na masanduku yao, wakaomba mtu anayeujua mto kama kiganja chake. Meneja hakufikiri mara mbili. Amenipa na viatu vipya vya kiwanda, vile vyenye pua ya chuma, ili nionekane vizuri kwenye picha. Nimewaambia kwamba watakaposhona sauti huko mjini, sindano iko mkononi mwa mpwa wangu. Kuanzia hapo wakanipa kiti.

Filamu yenyewe inaonyesha jinsi kiwanda na mto vinavyoweza kulala nyumba moja bila kugombania shuka. Itaonyeshwa mtaani kwetu, mbele ya wakazi wote, siku ya mapumziko katikati ya mwezi ujao. Wakazi wakiridhika kwamba mto umepona, mambo mawili yatafanyika. Kwanza, kiwanda kitaruhusiwa kujenga jengo la pili la rangi, na vijana wa mtaa watapata kazi. Pili, lile bomba la mtaa linalovuta maji ya mto, lililofungwa mwaka ule watoto walipotoka vipele, litafunguliwa tena. Mama yako hatapanda tena kilima na madumu. Na mimi nimeahidiwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Maji, mwenye filimbi.

Sasa sikiliza ajabu. Fundi wa sauti alisema anataka kurekodi mahali penyewe bila mashine, pale kwenye bwawa la maji machafu ninapotoa povu kabla maji hayajaingia mtoni. Watu wote wakasimama kama miti. Kimya. Kisha, mpwa wangu, vyura. Mbele ya mashahidi, kwenye bwawa ambalo watu wanaapa kwamba halina hata mdudu. Mwongozaji wa filamu alitokwa na machozi. Meneja alimpa kila mtu mkono, akiwemo mpishi wa kantini ambaye huwa hampi mkono.

Kuna simu, najua. Lakini simu inamaliza vocha kabla sijafika kwenye utamu. Barua hii anayo dereva wa lori la vitambaa.

Mjomba wako,
Mzimaji wa Kiwanda


Tarehe 11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika ikiwa na doa la zambarau pembeni, nikajua wiki hii mnatia rangi mapazia.

Fundi wa sauti ameniambia kwamba walisubiri mapumziko ya chakula, kisha meneja akaomba mashine zisiwashwe mpaka wamalize. Lakini nakuachia. Mkono wako nao bila shaka ulikuwepo mahali fulani.

Sauti zenyewe ninazo mezani. Niko kwenye chumba changu cha kazi kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa magodoro, na ninaivaa hedifoni kuanzia asubuhi mpaka shingo inauma. Ngoja nikupe siri ya kazi yetu. Kwenye filamu mto hauruhusiwi kuwa kimya. Kiwanda kikiwa kibaya tunaweka kunguru na muziki mzito. Kikiwa kizuri tunaweka vyura na watoto wanaocheka. Tuna vyura wengi tuliowahifadhi tangu zamani, wa kila umri. Mwongozaji alikuwa ameshaniagiza niwatumie hao. Kwa hiyo vyura wako walipotokea wenyewe, hapa ofisini watu walifurahi kama wameokota.

Nina maswali mawili tu, mjomba, ya kikazi.

Nasikia vyura wawili. Wa kwanza yuko karibu, upande wa kushoto, chini kwenye matete. Ana mkwaruzo, na kila akimaliza ni kama anameza mate. Wa pili yuko mbali kidogo, naona kama katikati ya bwawa. Huyo hamezi mate, ila anamjibu mwenzake. Katikati ya bwawa kuna nini? Kuna kisiwa, gogo, chochote cha kukalia?

La pili: kwenye picha namwona meneja, namwona mlinzi, namwona mpishi amebeba mwiko kama bendera. Wewe sikuoni. Ulikuwa wapi?

Mama alinipigia. Ameshalisugua pipa la maji kwa mchanga mpaka linang'aa, na amewaambia majirani kwamba siku ya kufungua bomba yeye ndiye atakayekunywa kikombe cha kwanza, maana mlango wake ndio ulio karibu. Anasema haamini karatasi za maabara, wala meneja, lakini chura anamwamini. Chura anakunywa kwa ngozi, na hajui kuhongwa.

Mpwa wako,
Sikio


Tarehe 17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na ukue uupite mlango.

Unauliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nyuma ya kamera, mahali wanapokaa watu wakubwa. Wanaopigwa picha ni wadogo. Hilo hukufundishwa chuoni?

Habari za vyura umeuliza mtu mwenyewe. Mimi enzi zangu niliwahi kumkuta chura pale mtoni ambaye mbuzi alimpisha njia. Nilikuwa nawaita kwa sauti yao, wanakuja kama kuku wanaomwagiwa mtama. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo na homa zako hukulala mpaka nikuigie wanyama, na mama yako alikuwa akinifukuza kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wanaitikia.

Katikati ya bwawa hakuna kitu. Hakuna gogo. Kabla ya kiwanda pale palikuwa na chemchemi. Mimi na mama yako tulichota maji pale, yeye akinitangulia kwa sababu ni mkubwa na kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kunguru. Walipochimba bwawa waliiziba kwa mawe na saruji, kisha yakaja maji ya rangi, na matope ya rangi ya miaka yote hiyo yamelala juu yake, nyekundu juu ya kijani juu ya nyeusi, kama keki. Reki yangu ina mpini mrefu kuliko nyumba yenu. Pembeni inagusa chini. Katikati haigusi.

Kwa hiyo huyo wa pili umekosea. Ni mwangwi. Ukuta wa boila uko ng'ambo, unarudisha sauti. Mimi nilimsikia yule wa kushoto tu, na huyo namfahamu vizuri. Mmoja anatosha kwa filamu. Huyo mwingine mfute, asije akaleta maneno.

Ila kwa kudadisi tu, kwa sababu jioni hapa hakuna la kuzungumza: huyo wa pili ana sauti ya namna gani?

Mjomba wako,
Msimamizi Mkuu wa Maji (mteule)


Tarehe 24 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sio mwangwi. Mwangwi nimeuzoea kama ulivyozoea povu. Mwangwi hurudi baada ya muda uleule kila mara, na hurudi umechoka. Huyu hachoki.

Nitakueleza nilichosikia, nawe unieleze unachojua.

Mwanzoni wa kwanza analia, kimya, kisha wa pili anajibu. Sauti yake ni ndefu, tambarare, haina mkwaruzo. Baadaye anapata mkwaruzo. Baadaye tena, mjomba, anaanza kumeza mate mwishoni, vilevile kama mwenzake. Anajifunza. Na kila zamu anajibu mapema zaidi, mpaka ikafika mahali wa pili analia kabla wa kwanza hajaanza. Hapo wa kwanza ananyamaza. Nasikia matete yakivunjika, kama kitu kizito kinarudi nyuma haraka. Wa pili anaendelea peke yake, na hayuko tena katikati ya bwawa. Yuko karibu na kinasa sauti. Kisha mashine zikawashwa.

Nilimfuta kama ulivyosema. Kufuta ni kazi rahisi. Lakini nilipata wasiwasi, nikachukua sauti nyingine zilizorekodiwa asubuhi hiyo, kabla kiwanda hakijazimwa. Nikapunguza sauti za mashine, taratibu, kama mtu anayefunua mtu aliyelala. Chini yake yupo. Sauti ileile ndefu, tambarare, bila mkwaruzo na bila kumeza. Haikuanza mlipozima kiwanda. Kiwanda kilikuwa kinaifunika.

Nilivua hedifoni nikaenda kusimama koridoni penye watu.

Mwongozaji alikuwa ameshaisikia kabla sijaifuta, na anaipenda sana. Anasema vyura wawili wanaoitana ni mapenzi, na filamu bila mapenzi haiuzwi. Picha ya mto aliyoiweka pale sio ya mto wetu hata kidogo. Ameitoa kwenye filamu nyingine, ni mto wenye mawe meupe na maji ya kioo. Nilipomuuliza akanijibu kwamba watu hawataki kuona mto, wanataka kuona wanachokijua kuhusu mto. Kesho yake akitengeneza filamu ya kuwashtaki wenye viwanda atatumia moshi wa mahali pengine vilevile. Ndivyo tunavyofanya. Ama malaika, ama shetani. Kiwanda kinachowalipa watu na kuwaumiza watu walewale, hicho hakuna anayejua akiwekee muziki gani.

Lakini mama hataangalia filamu kama mimi. Mama atasikia vyura, kisha atakunywa.

Kwa hiyo nakuuliza, mjomba, sio kikazi. Chura huyo ulimwona kwa macho?

Mpwa wako,
Sikio


Tarehe 1 Machi

Wewe mtoto,

Siku hizi barua zako zimekuwa kama za polisi.

Nikukumbushe kitu. Kalamu uliyoandikia mtihani wako wa kwanza ilitoka wapi? Ilitoka kwenye povu. Madaftari, nauli, ile hedifoni inayokuuma shingo, vyote ni povu ambalo mjomba wako amelivuta kwa reki mpaka mikono ikawa na rangi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Mto ulipokuwa safi tulikuwa na vyura tele na hatukuwa na viatu. Sasa tuna viatu. Muulize mama yako alichagua nini siku alipokuja mwenyewe kuniombea kazi hapa. Hakuuliza habari za vyura.

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hiyo methali meneja anaipenda, ameiandika ukutani. Anawakusudia wale wanaopinga kiwanda. Mimi siku hizi nikipita pale naisoma nikijiambia, vyura wameshanyamaza siku nyingi, na ng'ombe nao hawanywi. Huleta pua zao mpaka kwenye maji, husimama, hurudi. Methali inabaki ukutani peke yake.

Hayo sio majibu ya swali lako. Najua.

Bwawani siendi kwa sasa. Nimebadilishana zamu na mtu wa stoo, nahesabu majora ya vitambaa. Ni kwa sababu ya mgongo. Reki nimeiacha pale ukingoni, imeegemezwa, na leo mlinzi ananiambia ameikuta imelala katikati ya maji, mpini juu. Upepo.

Usimtie mama yako hofu. Mwache afurahi.

Mjomba wako


Tarehe 6 Machi

Mjomba, shikamoo.

Hii itakuwa fupi, lori linaondoka.

Filamu imekamilika na naipeleka pamoja na barua hii. Nikiwakata vyura, mwongozaji ataweka wa kuhifadhiwa na mimi nitakuwa nje. Mama atasikia vyura vilevile. Nikiwaacha, mama atasikia vyura. Nimeshindwa kupata njia ya kukata ambayo mwisho wake sio mama na kikombe.

Kwa hiyo nimewarudisha wote wawili, kama walivyorekodiwa. Sikuongeza, sikupunguza. Wewe ndiye utakayekuwepo.

Nilipokuwa na homa, ulikuwa ukiniigia mbwa, treni, mwalimu mkuu akikohoa. Chura ndiye niliyempenda zaidi. Nilikuwa nasubiri pale mwishoni unapomeza mate.

Nimempigia mama simu kumwonya asinywe, anasema anazijua kamba zangu za uongo, nimezirithi kwako. Hataki kusikia. Kilima kimemchosha magoti.

Mpwa wako,
Sikio


Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu Sikio,

Utakuwa umesikia habari. Za mtaani usizishike, zimetiwa chumvi, na anayekwambia hivyo ni mtu ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Chumvi. Nitakupa zilivyo. Utajua ni za kweli kwa sababu sio tamu.

Walitundika shuka jeupe la kiwanda ukutani kwa fundi cherehani, mkabala na bomba. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, kiwanda kilikuwa kimezimwa. Mimi sikuwa na mkono kwenye hilo. Watu walijaa, wazee kwenye viti, watoto chini mbele, wengine juu ya ukuta. Mama yako alivaa gauni lake la harusi za watu. Mkononi alikuwa na kikombe kile cha bati cha bluu.

Nikajiona kwenye filamu mara moja, mgongo wangu na reki, kama kivuli cha mtu mwingine. Kiwanda kilikuwa kisafi mpaka nikatamani kuomba kazi pale. Kila mfanyakazi anacheka. Mimi nimefanya kazi nao miaka yote, yule wa boila sijawahi kuona meno yake. Kisha ukaja ule mto wenye mawe meupe, watu wakasema aaa, na hakuna hata mmoja aliyesema huu sio wetu. Nadhani waliupenda kiasi kwamba wakaona aibu kuukana.

Kisha vyura.

Kwenye spika zile kubwa wa kwanza alisikika kama mtu mwenye mafua. Watu wakapiga makofi. Akaja wa pili. Hapo makofi yakapungua, na watoto waliokuwa mbele wakaanza kurudi, bila kuambiwa, mmoja mmoja, mpaka mapajani kwa mama zao. Lakini filamu iliisha kwa muziki mzuri, na meneja akasimama akasema, "Wenyewe mmewasikia." Akalifungua bomba.

Lilikohoa upepo, kisha yakatoka maji. Maji meupe, mpwa wangu. Hayana povu, hayana rangi, hayana harufu. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Mimi nayajua maji yetu kila rangi. Yakiwa mekundu najua ni mapazia, yakiwa ya kijani najua ni sare. Haya sikuyajua.

Mama yako akakinga kikombe. Kikajaa. Akakiinua.

Nikasimama. Nikasema, "Dada, usinywe. Chura wa kwanza kwenye filamu ni mimi."

Unajua kilichotokea? Walicheka. Kinyozi akasema, "Mzee Chumvi, juzi umezima kiwanda, leo umekuwa chura, kesho utakuwa mto wenyewe." Mwingine akasema, "Mwacheni, anatafuta malipo ya mwigizaji." Meneja naye akatabasamu kwa tabu akasema mzee wetu ana vichekesho. Mama yako akaniangalia jinsi anavyoniangalia, akasema, "Kaa chini, mdogo wangu, unanitia aibu mbele za watu." Na kikombe kiko kidevuni.

Nimedanganya mtaa ule maisha yangu yote, na wamenibebea yote, mbuzi aliyempisha chura, kunguru aliyejua kusoma. Nilipoleta moja la kweli hawakuwa na mahali pa kuliweka.

Basi nikachuchumaa pale chini mbele ya shuka, nikalia. Nilivyolia siku ile kwenye matete. Maana ndivyo ilivyokuwa, na wewe ulishajua: fundi wa sauti alikuwa ametikisa kichwa kwamba hakuna kitu, hakuna hata nzi, na meneja uso umemwanguka. Nikaona jengo la pili likiondoka, vijana wakiondoka, na filimbi yangu nayo ikiondoka. Nikateleza nyuma yao nikalala kifudifudi kwenye matope. Nilidhani namsaidia kila mtu. Sikujua kama kuna atakayejibu.

Nikalia, na mwishoni nikameza mate.

Walicheka mpaka mwenye duka akashika nguzo. Kisha kicheko kikaisha, kama kinavyoisha, na pakawa na kimya kile cha siku ya mapumziko.

Maji kwenye bomba yakawa membamba. Yakawa uzi. Yakakatika.

Kisha bomba likajibu.

Sio kwa nguvu. Ilitoka ndani sana, kama mtu anayezungumza kutoka chumba cha nyuma. Mkwaruzo wangu. Na mwishoni, mpwa wangu, ile kumeza mate. Iliimeza vizuri kuliko mimi, bila haraka, kama yeye ndiye aliyenifundisha.

Kinyozi alikuwa bado na mdomo wazi. Bomba likalia tena, bila mimi kuita. Mama yako akashusha kikombe kutoka kidevuni, akakiinamisha polepole, maji yakamwagika, akarudi nyuma hatua asije akayakanyaga. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuniambia nifunge mlango, "Funga hilo bomba."

Meneja alilifunga mwenyewe. Alilizungusha mara mbili upande usio wake kabla halijafunga, na mimi sikumcheka. Baada ya kulifunga tuliendelea kuisikia ndani ya chuma, kidogo, kidogo, ikienda mbali kuelekea bwawani.

Mkutano haukupiga kura. Mzee mmoja alisema tu kwamba jengo la pili lisubiri mpaka matope yote ya bwawa yatolewe, mpaka chini, mpaka ile chemchemi ionekane, na watu wakaitikia. Meneja hakubisha. Hakuna aliyesema kiwanda kifungwe. Kiwanda ni kama shemeji, huwezi kumfukuza kwa sababu analisha watoto wa dada yako, na huwezi kumwachia alale chumbani mwako. Sijaona filamu yenye shemeji wa namna hiyo. Labda utaitengeneza wewe.

Jana meneja aliniita akaniambia nisirudi kazini. Leo ametuma mlinzi kuniambia nirudi, maana ameizungusha ile kazi ya reki kiwanda kizima, na hakuna anayeitaka. Nimemjibu nitafikiri. Mtu wa cheo changu hakimbilii. Mashine zimewashwa tangu asubuhi na watu wanashukuru kwa zile kelele. Nimemwona mwenye duka amefungua redio juu yake.

Mama yako amerudi kilimani na madumu yake. Nambebea mawili. Njiani aliniuliza jambo moja tu: kama siku zile za utoto, pale kwenye chemchemi, nilipokuwa nikiwaita vyura na wakajibu, niliwahi kuwaona. Nilifikiri sana. Nikamwambia sikumbuki.

Sasa, kwa kuwa barua hii yote ni ya kweli, na nimeshazoea, niimalize hivyohivyo. Mtaani wanasema, na mimi ndiye niliyewaambia, kwamba siku ile nilibaki pale bombani mtu wa mwisho, nimesimama wima, mpaka sauti ikaisha.

Sikubaki. Nilikuwa nje ya uwanja kabla meneja hajaligusa bomba. Hayo mengine yote ameniambia mama yako. Nilikimbia hata kiatu kimoja cha kiwanda, kile chenye pua ya chuma, cha kushoto, kikanitoka, na mpaka leo kiko palepale chini ya bomba kimesimama kama kinasubiri kujazwa. Hakuna anayekwenda kukichukua, na mimi siendi. Nakuandikia nikiwa nimevaa ndara za mama yako, zile zenye ua la waridi mbele, na zinanibana.

Mjomba wako